Wilbur Schramm: mtu wa fasihi aliyeijengea habari shahada yake

Kila aliyewahi kukaa katika somo la utangulizi wa mawasiliano amechora maduara mawili yanayopandana. Ndani ya moja yumo mtoaji wa ujumbe, ndani ya lingine mpokeaji, na pale yanapopandana ndipo watu wanapoelewana, kwa kuwa hapo uzoefu wa mmoja unafanana na wa mwenzake. Chini ya mchoro huandikwa: Schramm, 1954. Tunaunakili, tunaujibia mtihani, tunausahau. Wachache sana huuliza Schramm alikuwa nani, na wachache zaidi wanajua kwamba alikuwa mtu wa kitivo kama chetu: doktora yake ilikuwa ya fasihi. Siku hizi, kila pakizungumzwa habari ya kufungua masta ya vyombo vya habari itakayoshirikisha vitivo kadhaa, huzuka swali la mtoto huyo atalala nyumba gani. Basi maisha ya mtu huyu yanafaa kusimuliwa, maana shahada ya namna hiyo yeye aliijenga katika vyuo vikuu vitatu, na mara ya kwanza hakuwa na mfano wa kufuata.

Wilbur Lang Schramm alizaliwa tarehe 5 Agosti 1907 huko Marietta, mji mdogo ulio kando ya mto Ohio, Marekani. Alipokuwa na miaka mitano alipasuliwa mafindofindo, na upasuaji ukaenda vibaya. Tangu hapo akashikwa na kigugumizi. Halikuwa jambo la kuchekelewa tu na watoto wenzake, lilimfunga kabisa. Alipomaliza shule ya sekondari, akiwa ndiye aliyestahili kusimama na kutoa hotuba ya kuaga, hakuthubutu. Alisimama mbele ya watu akapiga filimbi badala ya kusema. Miaka minne baadaye, 1928, alipohitimu chuo cha mji huohuo akiwa tena wa kwanza, hotuba aliitoa. Katikati ya filimbi na hotuba hiyo alikuwa akijilipia masomo kwa kuandika habari katika gazeti la mji wake, kazi ambayo kigugumizi hakiizuii kalamu.

Akaenda Harvard, akapata shahada ya pili mwaka 1930. Kutoka hapo tungetegemea abaki mashariki ya nchi, kwenye vyuo vyenye majina. Badala yake alikwenda Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi, na kilichompeleka huko ni ulimi wake: chuo kikuu cha Iowa kilikuwa na kliniki ya watu wenye matatizo ya kusema. Kigugumizi kilipungua, hakikuisha. Lakini kwa kutafuta dawa aliangukia mahali ambapo kuta kati ya idara zilikuwa fupi kuliko kwingine. Tasnifu yake ya 1932 ilihusu ushairi wa Kimarekani, ukiwemo utenzi wa Longfellow juu ya Hiawatha. Baada ya hapo, mtu mwingine angetafuta kiti cha kufundishia ushairi huo hadi uzee. Yeye akaingia katika maabara ya saikolojia ya Carl Seashore, bingwa wa kupima sauti na muziki, na kwa miaka miwili akapima kwa mashine namna mashairi yanavyosikika yakisomwa kwa sauti: urefu wa silabi, kupanda na kushuka kwa sauti, vituo. Mwaka 1935 alitoa kijitabu juu ya sayansi ya beti za Kiingereza. Nakiri kwamba kazi hii, ambayo haitajwi katika kozi yoyote, ndiyo inayonigusa kuliko zote. Mtu ambaye sauti yake mwenyewe ilimsaliti anakaa na vyombo kupima sauti za wengine, na ndani ya kijitabu hicho kimoja fasihi na hesabu zinakaa meza moja bila kugombana.

Iowa ilikuwa na desturi nyingine ambayo wakati ule ilionekana ya ajabu. Tangu miaka ya 1920 ilikubali kwamba mwanafunzi wa shahada ya juu anaweza kuwasilisha mashairi, hadithi au muziki aliotunga mwenyewe mahali pa tasnifu ya kawaida. Kutokana na desturi hiyo ilizaliwa, mwaka 1936, warsha ya waandishi ya Iowa, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Schramm, akiwa hajatimiza miaka thelathini. Wanafunzi wachache walikaa chumba kimoja, kila mmoja alileta alichoandika, wenzake wakakichambua mbele yake. Schramm naye aliandika hadithi fupi. Moja, juu ya mtu aliyesafiri nyikani kwa gari la kukokotwa lililotiwa tanga kama jahazi, ilimpatia tuzo ya O. Henry mwaka 1942. Tuukumbuke muundo huu wa chumba kimoja na watu wachache, kwa sababu utarudi.

Vita vikaingia. Mwishoni mwa 1941, baada ya Pearl Harbor, Schramm alijitolea kwenda Washington kufanya kazi katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia habari za vita kwa raia. Ofisi hiyo iliongozwa na Archibald MacLeish, mshairi aliyekuwa pia mkuu wa maktaba ya bunge. Swali la ofisi lilikuwa la haraka: mwananchi wa kawaida ataelezwa vipi juu ya mgawo wa chakula, kodi na hati za mkopo wa vita, na tutajuaje kama ameelewa? Kulijibu walikusanywa wanasaikolojia, wanasosholojia, wataalamu wa siasa, wapimaji wa maoni ya umma, waandishi. Katika chuo kikuu watu hao wasingekutana hata kwenye chai. Huko walikula pamoja na kubishana juu ya jambo moja. Schramm alikaa nao kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, na wazo la kuifanya meza ile kuwa sehemu ya chuo kikuu alirudi nalo kutoka huko.

Mwaka 1943 alirudi Iowa. Kazi iliyokuwa wazi ilikuwa ukuu wa shule ya uandishi wa habari, na akapewa. Shule za namna hiyo wakati ule zilikuwa karakana: mwanafunzi alifundishwa kuandika kichwa cha habari, kusahihisha prufu, kutafuta matangazo. Walimu walikuwa wazee wa magazeti, wengi bila doktora, na hawakuona haja yake. Schramm akaandika mpango. Hoja yake kuu, nikiisema kwa maneno yangu, ni kwamba shule ya habari haiwezi kuwa na nguvu kuliko chuo kikuu kinachoizunguka, kwa hiyo isijenge uzio wake bali ichote kwa majirani wote. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya kinyume. Hakuanza chini, kwa lisansi, apande polepole. Alianza juu, kwa doktora ya mawasiliano ya umma, ya kwanza ya aina yake.

Kwa nini juu? Ukianza na lisansi unahitaji walimu ambao hawapo bado, kwa sababu hakuna aliyefundishwa taaluma hiyo. Ukianza na doktora, unaweza kuazima walimu wa saikolojia, sosholojia na siasa, ukawapa wanafunzi wachache waliokomaa, na baada ya miaka michache wanafunzi hao ndio walimu wako. Shahada inajizalia walezi. Na katika chumba cha semina aliuleta ule muundo wa warsha ya waandishi: watu wachache, kila mmoja na utafiti wake mezani, wenzake wakiuchambua. Sijui kama waliokaa humo walitambua kwamba wanafundishwa takwimu kwa mtindo uliobuniwa kwa ajili ya washairi. Kando ya programu aliweka ofisi ya kutafiti wasikilizaji na wasomaji, ili mwanafunzi asisome mbinu kitabuni tu, aende kugonga milango ya watu na kuuliza.

Hapo Iowa alikuwapo pia Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, ambaye aliwakusanya wanafunzi wake kwa maongezi yasiyo na ratiba. Schramm alikuwa akihudhuria. Baadaye, alipoandika historia ya taaluma, aliwataja watu wanne kuwa waasisi: Lewin, Lasswell wa siasa, Lazarsfeld aliyetoka kwenye hisabati, na Hovland wa saikolojia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na shahada ya mawasiliano. Walipita katika taaluma hiyo kama wasafiri wanaopumzika kisimani, kila mmoja akiwa na kwao. Schramm ndiye aliyejenga nyumba kisimani akakaa.

Mwaka 1947 alihamia chuo kikuu cha Illinois, ambako mkuu wake mpya, George Stoddard, alimfahamu tangu Iowa. Huko aliongeza kitu ambacho Iowa hakikuwapo kwa ukamilifu: taasisi ya utafiti wa mawasiliano yenye bajeti yake na mamlaka yake, isiyo chini ya shule ya uandishi wa habari. Mwalimu wa taasisi alikuwa na mguu mmoja ndani yake na mwingine katika idara alikotoka. Charles Osgood alikuja na saikolojia ya maana za maneno, Dallas Smythe na uchumi wa redio na televisheni. Mpango huu wa miguu miwili unaonekana jambo dogo la kiofisi, lakini ndio uliobeba nyumba yote. Mwalimu asiye na mguu katika idara ya nyumbani hupoteza heshima ya wenzake na kupandishwa cheo. Asiye na mguu katika taasisi huja kufundisha saa zake na kuondoka. Schramm alisimamia pia matbaa ya chuo, na matbaa hiyo ndiyo iliyotoa mwaka 1949 kitabu cha Shannon na Weaver juu ya nadharia ya hisabati ya mawasiliano. Mishale na visanduku tunavyovichora ubaoni vilipitia mikononi mwake kwanza kama mchapishaji.

Mwaka 1950 akafanywa mkuu wa kitengo kizima cha mawasiliano, shule ya uandishi wa habari, redio ya chuo na taasisi zikiwa chini yake. Hakuudumu ukuu huo. Usiku mmoja wa Julai 1953 wadhamini wa chuo walipiga kura ya kutokuwa na imani na Stoddard, akajiuzulu. Mlinzi alipoanguka, cheo cha Schramm nacho kikaondoka. Tofauti iko hapa: ukuu uliondoka, taasisi ilibaki. Ilikuwa na watu wake, fedha zake na wanafunzi ambao lazima wamalize. Yeye alihamia Stanford mwaka 1955 na kuanza tena, na nyumba aliyoiacha nyuma haikubomoka.

Kila alikopita alikuta ugomvi uleule. Upande mmoja wazee wa magazeti, walioitwa kwa utani watu wa vikofia vya kijani, kwa ajili ya vikinga-mwanga ambavyo wahariri walivaa kichwani. Upande wa pili vijana wa takwimu, walioitwa watu wa kai-mraba. Wa kwanza waliona kwamba wa pili hawajawahi kuandika habari hata moja yenye kusomeka. Wa pili waliona kwamba wa kwanza hawajui kama habari zao zinasomwa. Schramm alikuwa mmoja wa watu wachache waliokuwa na haki ya kusikilizwa na pande zote, kwani aliwahi kuripoti, kutunga hadithi na kupima. Lakini wanafunzi aliowalea hawakuwa na pande zote hizo. Walikuwa watu wa kai-mraba.

Stanford ilikuwa miaka yake mirefu zaidi, hadi 1973. Wanafunzi wa doktora waliajiriwa katika miradi ya utafiti, wakalipwa, wakamaliza, wakatawanyika kufungua programu kwingine. Utafiti uliojulikana zaidi ni ule wa watoto na televisheni, uliotolewa kitabu mwaka 1961 pamoja na Jack Lyle na Edwin Parker, baada ya kuwahoji maelfu ya watoto wa Marekani na Kanada. Wazazi walitaka kuambiwa kama televisheni ni mbaya au nzuri. Jibu la kitabu liliwanyima raha hiyo: inategemea ni mtoto gani, katika hali gani, anatafuta nini kwenye kioo kile.

Fedha za kazi hizi zilitoka wapi? Swali hili halikwepeki, na wanaomsifu hupenda kulipita haraka. Mwishoni mwa 1950, vita vya Korea vikiendelea, Schramm alikwenda Seoul na John Riley kwa niaba ya jeshi la anga la Marekani, kuchunguza jinsi wakomunisti walivyouendesha mji walipoushika; kitabu chao kilitoka 1951 na kilikuwa silaha ya propaganda kama ilivyokuwa utafiti. Hata mkusanyiko wake wa 1954, wenye yale maduara yetu mawili, uliandaliwa kwanza kwa ajili ya kuwafundisha watumishi wa idara ya serikali ya Marekani iliyosema na nchi za nje. Mtoaji wa ujumbe aliyekuwa akifikiriwa alikuwa Washington, na mpokeaji alikuwa mtu kama babu zetu. Mchoro haukosi ukweli kwa sababu hiyo. Ila programu iliyojengwa kwa fedha za mtu anayetaka kusikilizwa hujifunza mapema sana kuuliza kama ujumbe umefika, na huchelewa kuuliza kama ulistahili kufika, au mpokeaji alikuwa na neno lake.

Hilo lilionekana wazi aliposhughulikia nchi zetu. Unesco ilikuwa imefanya mikutano juu ya vyombo vya habari Bangkok, Santiago na, kwa ajili ya Afrika, Paris mwaka 1962. Ilipendekeza kiwango cha chini: kwa kila watu 100, nakala 10 za gazeti la kila siku, redio 5, viti 2 vya sinema, televisheni 2. Schramm akaombwa kuandika kitabu, kikatoka 1964, juu ya vyombo vya habari na maendeleo ya taifa. Kilisomwa na mawaziri na wakurugenzi wa redio katika nchi zilizokuwa zimepata uhuru juzi. Ni kitabu kilichoandikwa kwa nia njema na kwa lugha rahisi, na kina hesabu nyingi za vipokezi na karatasi. Ila ukikisoma ukiwa umekaa katika kitivo cha lugha, jicho linakwenda mahali pengine. Redio 5 kwa watu 100, sawa. Zitasema lugha gani? Schramm aliijua shida hiyo, aliitaja, lakini kwake lugha nyingi ni kikwazo kinachoongeza gharama, katika safu moja na ubovu wa barabara. Mtu aliyewahi kupima urefu wa silabi ya shairi aliichukulia lugha ya mwanakijiji kama tatizo la usafirishaji. Hapa kwetu, ambako Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba vyote ni lugha za taifa na kila kimoja kina wasikilizaji wake redioni, tunajua kwamba mtangazaji anapochagua lugha ameshachagua ni nani anasema na nani anasikiliza.

Sidhani alisahau. Nadhani aliacha kwa makusudi. Kule Iowa, ili wanasaikolojia na wanasosholojia wakubali kukaa mezani, ilibidi taaluma mpya ionekane ya sayansi, na fasihi ilikuwa na harufu ya kitu alichokuwa akikimbia wadhamini wasikione. Programu alizounda zilikuwa na mlango wa saikolojia, wa sosholojia, wa siasa, hata wa uhandisi. Mlango aliopitia yeye mwenyewe haukuwapo. Kijana mwenye doktora ya ushairi aliyekwenda kubisha Stanford mwaka 1965 angeulizwa kwanza habari ya takwimu zake.

Kwa haki yake, hakung'ang'ania. Mwaka 1976, pamoja na Daniel Lerner, alihariri kitabu kilichoipitia upya miaka kumi ya matumaini yale, na ndani yake ilikubaliwa kwamba redio na magazeti hayakuleta peke yao kile kilichoahidiwa, kwamba mipango iliyotoka juu iliwapita watu wa chini. Wakati huo alikuwa ameshahamia Hawaii, ambako tangu 1973 aliongoza taasisi ya mawasiliano ya kituo cha Mashariki na Magharibi huko Honolulu, akikaa na wasomi wa Asia na visiwa vya Pasifiki. Alifuatilia kwa miaka mingi mradi wa elimu kwa televisheni wa Samoa ya Marekani, na kitabu alichotoa na wenzake juu yake mwaka 1981 kinaeleza mafanikio na kuchoka kwake bila kupaka rangi.

Alifariki nyumbani Honolulu tarehe 27 Desemba 1987, akiwa na miaka themanini. Aliacha sura za kitabu ambacho hakukimaliza, kumbukumbu za jinsi taaluma ilivyoanza Marekani; Steven Chaffee na Everett Rogers walizikamilisha, kikatoka 1997. Wakati huo Iowa, Illinois na Stanford wote walikuwa bado wakitoa doktora ya mawasiliano. Na kule Iowa, warsha ya waandishi nayo iliendelea, wanafunzi wachache chumba kimoja, kila mmoja na alichoandika.